Walimu waandamizi wa idara wanastaafu karibu wote pamoja: nianzie wapi?

Swali: Nimekabidhiwa ukuu wa idara yenye walimu 16. Sita wana miaka 58, 59, 60, 62, 63 na 64, na hao ndio maprofesa na maprofesa washiriki wetu wote. Chini yao kuna mhadhiri mwandamizi mmoja wa miaka 49 na wahadhiri wawili wenye miaka 43 na 46. Saba waliobaki ni wahadhiri wasaidizi, wote chini ya miaka 36, na wawili tu ndio wameanza masomo ya uzamivu (PhD). Kwetu mtu hustaafu akifika miaka 65. Utawala unataka wazee waongezewe mikataba. Vijana wananung'unika kwamba wazee wamewazibia njia. Nani ana haki, na mimi nianzie wapi?

Jibu: Ndugu mkuu wa idara, kila upande una sehemu ya ukweli, lakini pande zote zinabishania wale sita, na tatizo lako liko kwa wale watatu wa katikati. Ukichora umri wa walimu wako kwenye karatasi utapata umbo la nyigu: kichwa kinene, tumbo nene, kiuno kama uzi. Wazee kuwa wengi hakuiangushi idara. Inaanguka siku wanapoondoka na hakuna aliyefika cheo cha kupokea kazi zao. Kila pendekezo litakaloletwa mezani kwako, lipime kwa swali moja: litanenepesha kiuno, au litaahirisha tu siku ya kukatika?

Umbo hilo huletwa na ajira za mkupuo. Chuo kinapanuka, kinaajiri watu wengi ndani ya miaka michache, kisha fedha zinakauka na mlango unafungwa kwa miaka kumi au zaidi. Vyuo vingi duniani vilipita njia hiyo: vilipanuka sana miaka ya 1960 na 1970, halafu vikabana matumizi. Walioingia pamoja huzeeka pamoja na kuondoka pamoja. Angalia pia upande wa chini: wahadhiri wasaidizi saba wa rika moja ni mkupuo mwingine, na wao pia watastaafu kwa pamoja. Kwa hiyo nafasi zitakazokuwa wazi miaka hii zisijazwe zote kwa mara moja na watu wa umri mmoja, hata kama kibali cha kuajiri kitatoka kwa mara moja.

Sasa tuhesabu muda. Mtu wa miaka 30 akianza uzamivu leo huku akifundisha, atamaliza akiwa na 35 au 36. Vyuo vingi humtaka mhadhiri akae kwenye cheo miaka mitatu hivi, awe na machapisho ya kutosha, ndipo aombe uhadhiri mwandamizi; mitatu mingine hivi kwa uprofesa mshiriki; mitatu au minne kwa uprofesa kamili. Kama hakuna kitakachokwama, atakuwa profesa akikaribia miaka 46. Lakini vitu hukwama. Tasnifu hukaa kwa mtahini wa nje miezi sita, jalada la kupandishwa cheo hulala ofisini mwaka mzima, makala hurudishwa mara mbili. Weka miaka 16 hadi 20 kati ya mhadhiri msaidizi na profesa. Wewe una miaka saba kabla wa mwisho kati ya wale sita hajaondoka. Kutoka kwa vijana wako saba, hutapata profesa hata mmoja ndani ya muda huo.

Unachoweza kupata ndani ya miaka saba, ukianza mwaka huu, ni profesa mshiriki mmoja au wawili kutoka kwa wale watatu, mhadhiri mwandamizi mmoja zaidi, na wahadhiri wanne hadi sita wenye uzamivu kutoka kwa vijana. Hilo ndilo lengo la kweli la kupeleka kwa mkuu wa kitivo. Ukiahidi zaidi ya hapo, mwaka wa tatu utaonekana umeshindwa wakati kazi inaenda vizuri.

Eneo linalopata madhara kwanza, na ambalo watu hulisahau, ni usimamizi wa wanafunzi wa uzamivu. Wazee wako wamebakiza, kwa mpangilio wa umri, mwaka 1, 2, 3, 5, 6 na 7. Mwanafunzi anayefundisha huku akisoma huhitaji miaka mitano, mara nyingi sita. Maana yake, kati ya wasimamizi sita wenye uzoefu, wawili tu ndio wanaoweza kumpokea mwanafunzi leo na kumfikisha kwenye mahafali kwa utulivu. Yule wa miaka 60 anaweza ikiwa hakuna siku itakayopotea. Wengine watatu hawawezi. Na hao unaotaka wasimamiwe ndio warithi wa idara! Kila mwaka unaopita bila vijana kuandikishwa, kiwanda kinachozalisha walimu wapya kinapoteza mafundi wake. Mahali ambapo mamlaka ya ithibati hudai idadi fulani ya walimu waandamizi ili programu ya uzamivu iendelee, programu yenyewe inaweza kusimamishwa, na vijana wako wakalazimika kwenda kusomea kwingine kwa gharama ambayo hukuipanga.

Kwa hiyo weka kanuni hii mara moja: mwalimu aliyebakiza chini ya miaka minne asiandikwe msimamizi mkuu wa mwanafunzi mpya akiwa peke yake. Aandikwe wa pili, na wa kwanza awe mmoja wa wale watatu wa katikati. Faida yake ni mbili. Mwanafunzi habaki yatima mwaka wa tatu, na yule wa katikati anapata hesabu ya usimamizi ambayo kamati ya kupandisha vyeo itamdai. Kwa wanafunzi ambao tayari wako njiani chini ya wazee, fanya makabidhiano mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kustaafu, yaani msimamizi mpya aingie wakati wa zamani bado yupo, wakae wote watatu, waandike ukurasa mmoja: sura zilizokubaliwa, data iliyokusanywa, kilichobaki. Kinachoharibika pasipo karatasi hiyo ni kwamba msimamizi mpya hubadilisha mada au mbinu, na mwanafunzi aliyekuwa amebakiza mwaka hurudishwa nyuma miwili.

Sasa hilo la wazee kuziba njia. Jibu linategemea jinsi vyeo vinavyopatikana chuoni kwenu. Ambako uprofesa ni kiti, na viti vimehesabiwa, ni kweli: asipoondoka mmoja, haingii mwingine. Ujerumani ndiyo mfano unaojulikana. Mwaka 2002 walianzisha cheo cha profesa wa ngazi ya awali ili vijana wenye uzamivu wafanye kazi kwa uhuru bila kusubiri kufuzu kwa njia ndefu ya zamani. Ilikuwa hatua nzuri, ila wengi walikuta ngazi hiyo haina ya juu yake: muda uliisha, na kiti hakikuwepo. Baadaye serikali ya shirikisho na majimbo zilikubaliana kugharamia nafasi 1,000 ambazo, mtu akifaulu tathmini, humfikisha kwenye uprofesa wa kudumu. Mpango huo ulianza 2017. Ngazi isiyoendelea juu humpotezea mtu miaka yake mizuri. Ukipewa nafasi za muda za watafiti chipukizi, uliza kwa maandishi nini kitafuata siku ya mwisho ya mkataba.

Lakini vyuo vingi hupandisha mtu kwa sifa zake binafsi, bila kusubiri kiti. Huko profesa wa miaka 64 hamzuii mhadhiri kuwa mwandamizi. Anachoshikilia ni nafasi kwenye ikama, yaani hesabu ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na fungu la mshahara, na hayo yanazuia kuajiri mtu mpya, si kumpandisha aliyepo. Waeleze vijana wako tofauti hiyo waziwazi, kwa sababu hasira iliyoelekezwa pasipostahili inaharibu uhusiano wanaouhitaji sana katika miaka hii.

Umri wa lazima wa kustaafu nao si dawa ya kila kitu. Marekani, ruhusa ya kisheria ya kuwastaafisha kwa lazima maprofesa wenye ajira ya kudumu wakifika miaka 70 ilikoma mwishoni mwa 1993. Wengi waliendelea kustaafu kwa hiari yao kabla ya umri huo. Waliovuka 70 wakiwa kazini waliongezeka, hasa kwenye vyuo vikubwa vya utafiti. Uingereza ilifuta umri wa kawaida wa kustaafu mwaka 2011, lakini Oxford na Cambridge zikabaki na umri wao wenyewe kwa hoja ya kutoa nafasi kwa vijana. Oxford imefikishwa mahakamani na baadhi ya maprofesa wake kwa sababu hiyo, na imeshinda kesi moja na kushindwa nyingine. Kwenu umri upo, 65, na hilo angalau linakupa kitu ambacho wakuu wengi wa idara hawana: tarehe.

Twende kwenye mikataba inayopendekezwa na utawala. Mimi siipingi mikataba yenyewe, ila napinga namna inavyotolewa kwa kawaida, yaani profesa anastaafu Ijumaa na Jumatatu anaendelea na kazi ile ile, ofisi ile ile, kozi zile zile, kwa miaka miwili inayoongezwa tena na tena. Wanaoshughulikia bajeti wakiona kozi zinafundishwa, nafasi iliyoachwa wazi kwenye ikama huonekana haihitajiki. Inakaa bila mtu mwaka mmoja, miwili, halafu inafutwa. Mkataba umekula nafasi, na siku mzee anapochoka huna yeye wala huna nafasi yake.

Mkataba ufanywe hivi. Uwe wa mwaka mmoja, uongezwe mara moja tu. Ulipwe kutoka fungu la mikataba, usiguse nafasi ya ikama. Usiwe na madaraka: si ukuu wa idara, si uenyekiti wa kamati, kwa sababu madaraka ndiyo yanayowafundisha wa katikati kuongoza, na pia huhesabiwa kwenye majalada yao. Kazi ziandikwe kwa majina: kuwamaliza wanafunzi fulani wa uzamivu, kusoma rasimu za makala za vijana, na kurithisha kozi. Kurithisha kozi kuna utaratibu wake. Katika muhula wa kwanza mzee anatoa mihadhara, na mrithi anaendesha semina na kutunga nusu ya maswali ya mtihani. Muhula wa pili wanabadilishana. Muhula wa tatu mrithi yuko peke yake. Na ombi la kibali cha kuajiri mbadala liondoke mezani kwako miezi 18 kabla ya tarehe ya kustaafu, kwa kuwa kibali, tangazo, usaili na notisi ya kuacha kazi anakotoka mwajiriwa humaliza mwaka bila taabu. Angalia na likizo zilizolimbikizwa. Mtu mwenye siku nyingi za likizo huzichukua mwishoni, na yule uliyemwandika kuwa anaondoka Desemba unamkosa Septemba, katikati ya muhula.

Kwa vijana, tatizo la kwanza ni mzigo wa kufundisha. Chukua mhadhiri msaidizi aliyepangiwa kozi tatu zenye jumla ya wanafunzi 400. Skripti moja ya mtihani, ikisomwa kwa haki, huchukua dakika 15: hizo ni saa 100. Ongeza majaribio mawili ya katikati ya muhula kwa dakika 8 kila moja, yaani majibu 800: saa nyingine 106. Zaidi ya saa 200 zimekwenda kwenye kusahihisha peke yake, wiki tano kamili za kazi katika muhula mmoja, kabla hajaandaa mhadhara hata mmoja. Mtu huyo haandiki tasnifu. Anaandikishwa, analipiwa ada, na baada ya miaka minne yuko sura ya pili, na watu husema hana bidii!

Anayesoma apewe kozi moja kwa muhula katika miaka ya kukusanya data, na miezi sita ya mwisho asifundishe kabisa, aandike. Afrika Kusini, mpango wa kitaifa wa kukuza kizazi kipya cha wanataaluma ulioanza 2015 umejengwa juu ya wazo hilo: kijana anaajiriwa kwenye nafasi ya kudumu tangu mwanzo, anapewa mlezi wa kitaaluma na mzigo mdogo wa kufundisha, na kwa miaka sita anaendelezwa huku serikali ikigharamia kabla chuo hakijaubeba mzigo wote wa mshahara wake. Huna fedha hizo, lakini mantiki yake unaweza kuitumia kwa ratiba. Saa za kufidia zitatoka wapi? Kwanza, orodhesha kozi za hiari zenye wanafunzi chini ya kumi, na uzifundishe mwaka mmoja, uziache mwaka unaofuata, badala ya kuzifundisha kila mwaka. Idara nyingi hupata kozi kadhaa kwa njia hiyo. Pili, wazee na wastaafu wa mkataba wapewe madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, ambayo wanayafundisha bila kuhitaji maandalizi mengi. Tatu, majaribio mawili yawe moja pale kanuni za mitihani zinaporuhusu.

Usiwapeleke wote watano waliobaki kwa pamoja. Wawili mwaka huu, wawili mwakani, mmoja mwaka wa tatu. Na dhamana ya kumfunga mtu arudi kazini baada ya masomo haitoshi kumbakiza. Ataitumikia huku akitafuta kwingine. Anayebaki ni yule anayerudi na kukuta barua ya uhadhiri ipo tayari, si ya kusubiri kikao cha mwaka kesho. Andaa jalada lake wakati tasnifu iko kwa watahini.

Nimewaacha wale watatu mwisho makusudi, kwa sababu hapo ndipo ningetaka uweke nguvu zako nyingi. Karibu kila idara yenye umbo la nyigu hufanya kosa moja: wa katikati ndio hubeba kila kitu. Ratiba, uratibu wa mitihani, mafunzo kwa vitendo, mapitio ya mtaala, malalamiko ya wanafunzi. Ni wachache, wana uzoefu, hawakatai. Miaka sita inapita, na jalada lao lina barua nyingi za uteuzi na makala moja. Wapunguzie. Kila mmoja abaki na jukumu moja la uongozi, linalobadilishwa kila baada ya miaka miwili, na kazi za makaratasi ziende kwa karani au wagawiwe wazee ambao hawahitaji tena kupanda cheo.

Kisha, mwezi ule ule kila mwaka, kaa na kila mmoja na jalada lake mkononi, usome kanuni za chuo mstari kwa mstari. Machapisho yanayohesabiwa ni yale ya baada ya kupanda cheo mara ya mwisho. Watu wengi hujumlisha ya zamani na kushtuka kwenye kamati. Makala zenye waandishi wengi ziambatane na maelezo mafupi ya mchango wa mwombaji. Makala zilizotoka kwenye majarida ya kitapeli, yale yanayokubali kila kitu ndani ya wiki moja baada ya malipo, ziondolewe kabisa, maana moja tu humfanya mtathmini wa nje azitilie shaka zote. Tathmini za wanafunzi zikusanywe kila muhula. Zikitafutwa baada ya miaka mitatu hazipatikani. Kwa waliochukua likizo ya uzazi au kuuguza, omba kwa maandishi kipindi hicho kisihesabiwe kama muda wa utafiti. Kama kanuni haisemi, kipeleke kwenye kamati, kwa sababu huko ndiko wanawake wengi hupotelea kabla ya kufika uprofesa. Mwisho wa kikao, mpe barua ya nusu ukurasa: umepungukiwa na hiki na hiki, ukikamilisha tutapeleka jalada mwezi fulani.

Ucheleweshaji mkubwa hutokea kwa watathmini wa nje. Kamati ikihitaji ripoti tatu, pendekeza majina sita, wala wasiwe washirika wa utafiti wa mwombaji. Waulizwe kama wako tayari kabla ya kutumiwa makabrasha, wapewe wiki sita, wakumbushwe wiki ya nne.

Hata yote hayo yakifanikiwa, kiuno hakitanenepa vya kutosha kutoka ndani. Kati ya nafasi sita zitakazoachwa, angalau mbili zitangazwe kwa ngazi ya mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki, moja katika miaka miwili ya kwanza. Utawala utapendelea wahadhiri wasaidizi kwa kuwa mishahara yao ni midogo. Waoneshe jedwali la wasimamizi wa uzamivu, maana ndilo linaloeleweka haraka. Usitangaze kwa ngazi ya profesa kamili ukitegemea mtu aliye karibu na kustaafu chuo kingine. Utakuwa umehamishia kwako nundu ya wazee ya wenzako.

Anza na yule wa miaka 64. Wiki hii mwombe mkutane, kwa heshima anayostahili, na umwombe mambo manne: orodha ya wanafunzi wake na walipofika, majalada ya kozi zake pamoja na mitihani ya miaka mitano, majina ya watahini na washirika wa nje anaoweza kukutambulisha kwao kwa barua yake mwenyewe, na idadi ya siku zake za likizo. Baada ya mkutano huo, fungua faili la ombi la kibali cha nafasi yake, na uandike tarehe ya leo juu yake. Ule muda wa miezi 18 kwake umeshapita, na wa yule wa miaka 63 unakaribia.